Viti Arobaini na Vinne

Viti vilikuwa na rangi ya ufizi. Vilikuwa arobaini na vinne, kila kimoja kimo cha kidole gumba kuanzia kwenye kifundo, vimepangwa juu ya sinia dirishani vikauke, na aliyepita upande ule wa nyumba angedhani humo ndani kuna mtu anayewatengenezea punda meno. Msoma mita wa maji alivitazama asubuhi ile akiwa na kikombe mkononi, akamwambia mkewe kwamba ndege hiyo anayoitia viti siku ikiruka itatafuna mawingu. Hakucheka. Alikuwa mtu wa kutupa neno na kuondoka kabla halijatua.

Mkewe alikuwa anahesabu.

Mtaani mke huyu walimwita Fundi Meno, na jina lilikuwa halali yake. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno, chumba chenye sinki moja, feni moja na rafu za taya za plasta zilizoandikwa namba kwa penseli, akitengeneza meno ya bandia. Wenye meno hakuwajua kwa sura, aliwajua kwa taya. Mara mojamoja alimsikia mtu akicheka kwenye foleni ya benki, akageuka, akaona kazi yake, akageukia mbele tena. Vile viti alivimimina kwa mabaki ya ufizi wa bandia aliyoruhusiwa kuyabeba, kwa hiyo rangi ilikuwa ile ile. Ya buluu ingekuja baadaye.

Ndege zilimwingia kwa bahati tu. Daktari wa kliniki aliletewa zawadi ya sanduku la ndege ya kuunganisha, ya plastiki, vipande vyake vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye kijiti. Daktari hakuwa na subira na kitu kisichoweza kulia. Sanduku likakaa juu ya kabati miaka miwili. Siku moja, saa ya chakula, Fundi Meno akaliteremsha. Baada ya wiki tatu ndege ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake mwenyewe, kila kipande mahali pake, mishono imesuguliwa kwa msasa mpaka haionekani, na ilikuwa mbaya. Aliigeuza, akaitazama huku na huku, mpaka akajua. Ilikuwa na kosa lile lile la meno yanayotengenezwa na mtu mwenye haraka. Ilikuwa nyeupe mno, imenyooka mno, kama meno ambayo hayajawahi kula kitu.

Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye rangi nyeusi iliyozimuliwa, akafuta pale rubani anaposhika akipanda, pale fundi anapoweka goti, pale moshi wa injini unapotokea. Ndege ikawa ndege. Tangu hapo, ndege yoyote aliyoifungua sandukuni hakuuliza ina kasi gani wala ilipigana vita gani. Aliuliza ni nani aliyekuwa akiishika, na wapi.

Sasa alikuwa na kubwa kuliko zote alizowahi kuunda. Aliiunda chumba cha nyuma, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye miguu miwili ya cherehani. Ilikuwa ndege ya abiria, ya injini mbili za pangaboi, mabawa yamepita juu ya mgongo. Kila hatua thelathini na mbili za ndege ya kweli zilikuwa hatua moja pale mezani, na bado bodi peke yake ilikaribia sentimita themanini, mabawa yakachungulia nje ya mlango uliofanywa meza. Waliotengeneza sanduku walikuwa wametoa injini, magurudumu, na chumba cha marubani chenye sukani mbili. Abiria hawakupewa kitu. Ndani mlikuwa mtupu kama ganda la yai, na mwenye kutaka viti ajitafutie.

Hakuichagua kwa uzuri wake. Ilikuwa aina ile ile ambayo mama yake aliifagia kwa miaka kumi na mmoja, na ambayo mjomba wake, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliikaza skrubu kwa miaka thelathini. Na kwa ndege hiyo hiyo hao wawili walikosana.

Ilikuwa hivi. Ndege ikishashusha abiria, mama na wenzake wawili walipanda na ndoo na mifagio, wakawa na dakika ishirini na tano. Siku moja akiwa amepiga magoti, aliona saa ya mkononi, ya mwanamume, imeteleza pale zulia liliponyanyuka, imezama kwenye reli ya chuma inayoshika miguu ya viti. Kidole hakikufika. Alijaribu kwa kibanio cha nywele, ndio kwanza ikazidi kuzama. Akashuka, akamwambia msimamizi kwamba safu ya tatu, kushoto, kiti cha dirishani, kuna saa kwenye reli, aitwe fundi afungue kiti. Msimamizi akaandika kwenye kikaratasi. Kikaratasi kikaenda karakana, na fundi aliyekuwa zamu alikuwa mdogo wake mwenyewe, yule yule aliyemtafutia dada yake kazi. Fundi akapanda, akafungua kiti, akamulika kwa tochi. Hakuona kitu. Akaandika hakuna kitu, akatia saini.

Mwenye saa alikuwa ameshafika ofisini kulalamika. Saa nne asubuhi mama alirudi nyumbani amefukuzwa, viatu vya kazi mkononi. Polisi hawakuitwa. Ilisemwa tu kwamba ameichukua, akaona atabanwa, akatunga habari ya reli.

Ilikuwa miaka ishirini na sita sasa. Mama aliamini mdogo wake aliiona saa akaitia mfukoni. Mdogo wake aliamini dada yake aliiba, akamvua nguo mbele ya karakana nzima. Hakuna aliyemwambia mwenzake hata nusu ya neno la saa hiyo. Salamu walipeana. Msibani huyu alikaa kulia, yule kushoto, na harusini vivyo hivyo, na kila aliyejaribu kuwaweka meza moja alijaribu mara moja tu. Mama alikuwa ametimiza sabini na moja. Kazi hakuitaka tena, magoti yenyewe yasingekubali. Alitaka kitu kimoja, na alikitaja mara moja kwa mwaka bila kupandisha sauti, kama mtu anayekumbusha dawa: mdogo wake aje, akae mbele yake, aseme kwa mdomo wake kwamba dada yake hakuiba.

Fundi Meno hakuianza ndege ili awapatanishe. Angekuambia hivyo ukimwuliza, na labda ni kweli. Alikuwa na watu wawili walioishika ndege, mmoja kwa nje na mmoja kwa ndani, na bahati kama hiyo mtu haichezei.

Ya nje alifundishwa na mjomba, huko kwake nyuma ya soko. Alimpelekea gurudumu ndani ya kopo la krimu, injini ndani ya sanduku la viatu. Mjomba alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akatazama bila haraka. Maneno yake yalikuwa machache. Mafuta huvuja hapa, siyo pale. Tairi la kulia huisha mapema kwa sababu marubani hukata kona upande huo wakija kuegesha. Ribiti za mstari huu zilibadilishwa na mtu aliyekuwa na mafua, ndiyo maana zimepinda. Mpwa wake aliandika yote kwenye daftari la kazi, nyuma ya namba za taya.

Mjomba alikuwa fundi mpaka kwenye ulimi. Kwake hapakuwa na “mbele kidogo” wala “kule nyuma”. Kila kitu kwenye ndege kilikuwa na umbali wake kutoka puani, na pua ndiyo mwanzo wa dunia. Fundi Meno aliwahi kumwambia kitu fulani kiko hatua mbili kutoka mlangoni, akaona uso wa mzee unakunjamana kama aliyetafuna ganda la dawa.

“Ndege huanzia puani, mama,” alimwambia, akimwita mama kama wajomba wanavyowaita wapwa zao. “Usiniletee hesabu za mtu aliyekuja kusindikiza wageni.”

Ya ndani ilikuwa ya mama, ila mama hakutaka kuingia chumbani. Alikaa sebuleni na redio yake ya sauti ya chini, akasema harufu ya gundi inampanda kichwani. Aliingia siku ile ya viti, baada ya kusikia maneno ya mkwewe. Alisimama mbele ya sinia mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa. Kisha akachukua kiti kimoja, akakigeuza.

“Huyu abiria hana pa kuweka gazeti,” akasema, akakirudisha.

Kesho yake viti vyote vilikuwa na mifuko mgongoni, ya kitambaa cha kufungia vidonda kilichotoka kliniki. Jumapili mama akaleta kigoda chake mwenyewe.

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Mama hakuwa msemaji wa kutia chumvi, alitaja vitu kama anayekabidhi zamu. Safu inayogusa ukuta wa choo haiegemei nyuma, na aliyepangiwa hapo hushuka amenuna. Zulia la njia ya katikati haliishi katikati, linaisha pembeni mistari miwili, kwa sababu watu wenye mabegi hutembea kwa ubavu. Chini ya kila dirisha pana alama ya mafuta ya nywele, ya waliolala. Alizifuta alama hizo miaka kumi na mmoja na zilirudi kila safari. Binti yake alichukua brashi yenye unywele mmoja akaziweka zote, upande wa kushoto na wa kulia. Mkwewe alichungulia mlangoni, akauliza kama kuna mtu ameacha mkoba, akaenda zake.

Jumapili moja mama akasema, bila kuulizwa:

“Safu ya tatu, kushoto, dirishani, zulia limenyanyuka. Reli inaonekana.”

Alisema kwa sauti ile ile ya mifuko na alama za nywele. Fundi Meno naye akaandika kwa mwandiko ule ule. Lakini kazi ile hakuiharakisha. Alitumia siku mbili baada ya kutoka kliniki. Alichana zulia kwa wembe, akalinyanyua pembe isiyozidi kipande cha ukucha, chini yake akalaza waya mwembamba wa fedha uwe reli. Alipomaliza alipuliza vumbi, akaona ni kazi nzuri.

Mama alipokuja alivaa miwani, akainama juu ya sakafu ya ndege iliyolazwa mezani na viti vyake. Aliitazama mpaka binti yake akainua macho.

“Zulia langu umeliweka wapi?”

“Si hilo hapo, mama. Safu ya tatu.”

“Hii?” Mama akakigusa kiti kwa ncha ya sindano ya kufumia. “Hii ni ya tisa. Hapa hapakuwa hata pangu, alikuwa anafagia yule mwenzangu aliyekuwa akiimba.” Akaipeleka sindano mpaka mkiani, kwenye safu ya ukuta wa choo, akaja nayo mbele polepole. “Moja. Mbili. Tatu. Hapa.”

Fundi Meno akaweka kibano chini.

Wafagiaji walipanda kwa mlango wa mkiani. Mlango wa mbele ulikuwa wa mizigo. Mtu akiingia na ndoo yake, safu ya kwanza kukutana nayo ni ile ya choo, nayo ndiyo waliyoita ya kwanza, ya pili ikafuata, mpaka ya kumi na moja kwenye ukuta wa marubani. Hawakuwahi kuhesabu vingine, na hapakuwa na aliyewahi kuwauliza wanahesabuje. Namba zilizobandikwa juu ya viti zilikuwa za wenye tiketi.

Binti aliuliza swali moja tu: kwa msimamizi mama alisema hivyo hivyo, safu ya tatu?

“Ya tatu,” mama akasema. “Kwani kulikuwa na za tatu ngapi?”

Binti akainuka. Alisema anakwenda kuosha brashi, na kweli akaenda akaziosha, hata zile zilizokuwa safi. Aliporudi alilazimika kuamua afanye nini na zulia lililochanwa mahali pasipo pake. Kulirudisha ilikuwa kazi ya dakika kumi. Akaliacha. Akachana la pili, safu ya tatu kutoka mkiani, akaweka na reli yake. Ndege ikawa na makosa mawili yanayofanana, moja la kweli na moja la kuambiwa.

Jumatatu, saa ya chakula, alikwenda kwa mjomba. Alimkuta anakaza mguu wa kiti cha jirani. Alianza na habari za injini, akaja na ya tairi, kisha akauliza kuhusu kikaratasi cha ile siku. Mkono wa mjomba ukasimama na bisibisi yake. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumuuliza. Akasema kikaratasi anakikumbuka, mwandiko anaukumbuka, hata skrubu anazikumbuka, nne kila mguu, na moja ilikuwa imekwisha kichwa. Kiliandikwa safu ya tatu, naye akafungua ya tatu. Fundi Meno hakumuuliza ya tatu kutoka wapi. Alijua jibu lake, na alijua habari ya mkiani ikitoka kinywani mwake yeye mpwa itakuwa maneno ya mtoto wa upande mmoja.

Akamwambia tu kwamba Jumapili anafunga bodi. Bodi imekuja nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, na zikishagundishwa hazifunguki. Kilichokosewa ndani kimekosewa mpaka mwisho. Mjomba ameshaona kila kitu cha nje, cha ndani bado, na bodi yenyewe haibebeki mpaka nyuma ya soko.

“Na mama atakuwepo,” akamaliza.

Mjomba akairudia skrubu yake. Alisema ataangalia Jumapili itakavyokuwa.

Nyumbani alimweleza mama yote, waziwazi, ya puani na ya mkiani. Mama alizima redio. Hakulia wala hakulaani, aliuliza tu kama mdogo wake ameambiwa. Alipojibiwa hajaambiwa, akaridhika. Hakutaka aambiwe, alitaka ahesabu mwenyewe. Mtu akiambiwa huweza kukubali ili yaishe, na yeye kuisha hakukutaka kwa namna hiyo.

Wiki ilikwenda. Hapakuwa na aliyejua kama angekuja, na mama kila siku alisema hatakuja, kwa sauti ya mtu anayejifunga mkanda mapema.

Alikuja, na shati lililopigwa pasi na tochi yake ndogo mfukoni. Msoma mita alikuwa ameitwa kazini tangu asubuhi, bomba limepasuka mahali.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Za huko?”

“Nzuri tu.”

Zilikuwa salamu zile zile za misibani. Fundi Meno akamwonyesha kiti, mama alikuwa ameshakalia kigoda chake upande wa mkia. Akaondoa kitambaa juu ya meza. Nusu ya kushoto ya bodi ilikuwa imelala, sakafu na viti, sasa vya buluu, vimeshapachikwa ndani yake, nusu ya kulia iko kando kama kifuniko.

Mjomba akavaa miwani ya kwanza, akavaa na ya pili. Akawasha tochi, akaanzia alikoanzia siku zote. Usukani ulikuwa sawa. Mita za marubani zilikuwa sawa, ila moja ingekuwa na ufa kwenye kioo, haidhuru. Mwanga ukapita ukuta, ukaingia kwa abiria. Safu ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu ukasimama.

Ulisimama sana. Mama alikuwa anautazama mwanga, hakumtazama mwenye tochi.

“Hapa ndipo nilipofungua,” mjomba akasema. “Lakini hapakuwa hivi. Zulia lilikuwa zima.” Akasogeza tochi karibu. “Nilisema moyoni, hata kudanganya hajui. Angalau angetaja mahali palipochanika.”

“Endelea, mjomba,” mpwa wake akasema.

Mwanga ukaenda. Ya nne, ya tano, ya sita. Mzee alikuwa anahesabu kwa midomo. Kwenye ya tisa ukasimama tena, juu ya pembe ya zulia iliyonyanyuka na waya wa fedha unaong’aa chini yake. Alitazama pale, akarudisha mwanga kwenye ya tatu, akaupeleka tena.

“Hili ulichana la nini? La pili hili?”

“Hesabu,” mama akasema. Lilikuwa neno la kwanza baada ya salamu.

“Nimehesabu. Ni ya tisa.”

“Hesabu kuanzia mlango niliopandia mimi.”

Akahesabu kwa kidole, bila sauti. Haikuwa hesabu ndefu. Alipofika, kidole kikabaki hewani, na mkono mwingine ukazima tochi, halafu ukaiwasha tena. Akaomba bisibisi. Fundi Meno akamwambia hakuna skrubu, vimeshikizwa kwa nta ya meno, akampa kibano. Mjomba akakishika kiti cha dirishani, safu ya tatu kutoka mkiani, akaking’oa taratibu kama anayetoa risasi kwenye nyama, akakilaza pembeni. Akainama mpaka pua ikakaribia sakafu, akamulika reli. Alijua ni waya. Alitafuta hata hivyo, kwa muda ule ule ambao angetafuta kwenye ndege ya kweli. Kisha akakirudisha kiti mahali pake na kukigandamiza kwa ncha ya kidole.

Akavua miwani yote miwili. Alieleza, kwa ufupi wake, kwamba ndege ile iliuzwa mbali mwaka uliofuata, na huko ikakatwa vyuma. Kilichokuwa relini kilikwenda nayo.

“Dada, mimi nilidhani unayo wewe.”

“Na mimi nilidhani unayo wewe.”

“Mimi?” Alishtuka kweli. Miaka yote hiyo haikumpitia akilini kwamba kuna nyumba ambamo mwizi ni yeye. “Miaka ishirini na sita mimi mwizi, na nakuja kwenye harusi zenu nakula?”

“Ulikuwa unakula vizuri tu,” mama akasema.

Fundi Meno akaona wakati umefika wa kuuliza jambo la kazi. Aliuliza kama aweke saa pale relini, angeweza kuikata kwenye karatasi ya fedha ya dawa, duara la kichwa cha sindano, na baada ya kufunga hakuna jicho litakaloiona.

“Usiweke kitu,” mama akajibu upesi. “Ikipotea tena mtakuja kwangu.”

Mjomba akacheka kwa pua. Lakini neno lenyewe alikuwa hajalisema, na wote watatu walijua. Ilikuwa kama kazi iliyobaki skrubu moja.

Bodi ndefu namna ile haifungwi na mtu mmoja. Gundi yake ni nyembamba kama maji. Unazikutanisha nusu mbili, unapitisha brashi juu ya mshono, gundi inanyonywa yenyewe, na kwa dakika kumi nusu hizo zishikwe bila kutikisika mpaka plastiki iyeyuke na kushikana. Siku zote mwenye kushika ncha ya pili alikuwa msoma mita, na msoma mita alikuwa kwenye bomba. Fundi Meno hakupanga hivyo. Alitazama mikono iliyopo, akaigawa.

Mjomba akapewa pua, mama akapewa mkia. Walikaa wakitazamana, ndege katikati, viwiko mezani. Aliwaambia washike kama wanavyoshika yai, akapitisha brashi juu ya mgongo, akazungukia tumboni. Akatazama saa ya ukutani.

Dakika za kwanza zilikwenda kwa kukosoana. Mjomba alimwambia dada yake anabana mno, gundi itatoka. Mama akasema yeye ameshika mkia tangu huyu hajui ndege ina mkia. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo juu ya saruji. Mjomba alikuwa ameinamisha uso kwenye dirisha la kwanza la abiria, kama anayetafuta mtu humo.

“Dada, hukuiba.”

Mama hakuinua kichwa. “Sema tena. Masikio yangu siku hizi.”

Masikio yake hayakuwa na neno, redio aliisikia kutoka chumba cha pili.

“Nasema hukuiba,” mjomba akarudia, safari hii kwa sauti, na kwa kusema vile mikono yake ikasogea. Pua ikanyanyuka kiasi cha unywele.

“Shika pua hiyo, wewe, inanyanyuka.”

“Nimeshika.”

“Hujashika. Ishike.”

Akaishika. Fundi Meno aliuona mshono umefunguka pale juu ya dirisha la rubani, unene wa uzi. Zilikuwa zimepita dakika saba. Ukigusa gundi dakika ya saba unaharibu bodi nzima, na ukisema unaharibu kitu kingine. Akaifunika chupa ya gundi. Kumi zilipotimia hakutangaza, alianza kukusanya brashi, na wale wawili wakaendelea kushika. Mama alikuwa anamuuliza mdogo wake kuhusu magoti, anatumia nini, na kama ile dawa ya kupaka inasaidia au ni harufu tu.

Ndege ilimalizika baada ya miezi miwili. Mishono ilijazwa na kusuguliwa kwa msasa, ila kipande kimoja. Ilipigwa rangi, ikachafuliwa kwa mpangilio. Moshi ukawekwa nyuma ya injini, mafuta pale yanapovuja, tairi la kulia likaisha kuliko la kushoto. Ukiweka jicho dirishani utaona viti vya buluu, na mifuko yake, na ukijua pa kutazama, pembe mbili za zulia. Haikupelekwa kokote. Ilikaa juu ya kabati la sebuleni, mkia umeelekea kigoda cha mama.

Msoma mita ndiye aliyeuona ule mshono. Alikuwa anaisogeza apate nafasi ya kuweka redio, akapitisha kidole puani, akakirudisha.

“Hapa pana ufa,” akasema. “Wewe tena, na ufa?”

“Siyo ufa,” mkewe akasema, akiwa na taya la mtu mkononi. “Hapo ilishikwa.”